Daftari, eBird, Kenya Bird Map au hesabu ya Januari? Kuchagua njia ya kurekodi ndege wa pwani

"Mwanangu, wewe unawaandika hawa ndege siku zote. Hebu niambie: sululu wamepungua, au ni macho yangu yamechoka?"

Aliyeniuliza ni mvuvi mzee anayeegesha mtumbwi wake karibu na pale ninapozoea kusimama na darubini. Nilimjibu kwa kujiamini kwamba nitaangalia kwenye daftari, nimletee jibu kesho yake. Usiku ule nikafungua madaftari ya miaka sita. Majina yalikuwamo, mengi, mengine nimeyapigia mstari kwa furaha. Saa ya kuanza na ya kumaliza haikuwamo. Hali ya maji haikuwamo. Pengine nimeandika "sululu 40", pengine "sululu wengi", na kurasa nyingi sululu hayumo kabisa, nami sikumbuki kama siku hiyo hakuwapo au sikuona haja ya kumwandika kwa kuwa nilishamzoea. Kesho yake nilimpitia mzee, nikamwamkia, nikamwambia sijui. Alicheka, akaendelea kushona nyavu.

Tangu hapo nimetumia njia nne kwa zamu, nyingine kwa pamoja: daftari la karatasi, programu mbili za simu zinazoitwa eBird na Kenya Bird Map, na hesabu ya ndege wa maji ya kila Januari. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayeanza kuwaandika ndege wa pwani ya Afrika Mashariki na hajui ashike ipi. Kipimo changu ni swali la mzee: njia hii ikifuatwa kwa miaka sita, itamjibu?

Wageni wa kaskazi, wageni wa kusi, na wanaotaga hapa hapa

Kabla ya kuchagua njia, jua unamwandika nani. Vitabu vingi vilivyotungwa Ulaya huwaita wageni wetu "ndege wa majira ya baridi". Kwetu jina hilo halitui: miezi wanayokaa nasi, kuanzia Oktoba hadi Aprili, ndiyo yenye joto kali kuliko yote. Mimi nawaita wageni wa kaskazi, kwa jina la upepo wa miezi hiyo, ingawa wa kwanza huutangulia upepo wenyewe na kufika Agosti wakiwa bado na mabaki ya rangi za kuzalia. Ndio hao vitwitwi wa Siberia (Calidris ferruginea), sululu wa mdomo uliopinda (Numenius phaeopus), Xenus cinereus anayekimbia matopeni kama anayefukuzwa, na mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi, Dromas ardeola, anayetoka kutaga kwenye mashimo ya mchanga kandokando ya Bara Arabu.

Wageni wa kusi, upepo wa kusini, ni kinyume chao. Wanakuja wakati wenzao wameondoka, Aprili hadi Septemba, wakikimbia baridi ya kusini au wakiwa wamemaliza kutaga huko. Glareola ocularis anayezaliana Madagaska hukusanyika kwa maelfu kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Mdiria mdogo Ispidina picta wa kusini huingia vichakani. Geokichla guttata, ndege wa kimya mwenye madoa kifuani anayezaliana kusini mwa Tanzania, hujificha chini ya miti ya misitu ya Gedi na Arabuko-Sokoke, na watu wengi huondoka pale bila kujua kwamba wamempita hatua tatu.

Kisha wapo wanaotaga hapa hapa: buabua wa visiwani, kitwitwi wa ufuo anayechimba kishimo mchangani, mwari, kulastara, na wengineo wa mikokoni.

Makundi haya matatu hayaulizi swali moja. Kwa mgeni wa kaskazi aliyetulia Januari, swali ni "wangapi?" Kwa mpitaji wa Novemba au Aprili, swali ni "lini?" Kwa anayetaga, swali ni "kweli ametaga, na makinda yametoka?" Njia nyingi zinajibu swali moja vizuri na mengine mawili vibaya, na watu hugombana bure mtandaoni wakidhani wanabishania programu ilhali wanabishania maswali.

Daftari la karatasi

Sitalisema vibaya, bado natembea nalo. Halimalizi chaji, halioni jua kali kama adui, na ukiangusha matopeni unalifuta. Simu yangu ya kwanza niliyoitumia kwa kazi hii ilizama kwenye mkondo wa mikoko pamoja na orodha ya asubuhi nzima ambayo sikuwa nimeituma. Daftari pia linakipa nafasi kitu ambacho programu hazikipi nafasi kubwa: kutokuwa na uhakika kwa maneno yako mwenyewe. Unaweza kuchora umbo la mdomo. Unaweza kuandika "kitwitwi mmojawapo wa wale wawili wenye kifua cheupe, miguu sikuiona".

Na hapo pana jambo la lugha. Kiswahili kina majina mazuri ya ndege, lakini kwa hawa wa matopeni jina moja hubeba ukoo mzima. Kitwitwi ni aina zaidi ya kumi. Buabua hali kadhalika. Mvuvi akikwambia "vitwitwi wamejaa funguni" amekwambia kweli, ila hujapata aina. Daftari linakuruhusu uishie hapo. eBird nayo ina nafasi za "aina fulani ya kundi hili" ambazo wengi hawazijui, kwa hiyo wanabahatisha aina. Ukilazimika kubahatisha, rudi kwenye daftari.

Udhaifu wa daftari ni mwandishi wake. Hakuna anayekuuliza umeanza saa ngapi. Ukitaka kubaki nalo, jilazimishe kuandika mambo matano juu ya kila ukurasa kabla ya ndege wa kwanza: tarehe, saa ya kuanza (na baadaye ya kumaliza), mahali hasa uliposimama, maji yanajaa au yanapwa na yamefika wapi, na kama unaandika ndege wote au wale tu waliokuvutia. Hilo la tano ndilo lililonikosesha jibu la mzee.

eBird na Kenya Bird Map, bega kwa bega

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, maana zote mbili ni za bure, zote zinatumika kwenye simu, na zote zinataka orodha. Ila zimejengwa kwa fikra tofauti kabisa.

eBird ilianzishwa 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na shirika la Audubon. Kipimo chake ni safari: umeanza saa fulani, umetembea umbali fulani, umehesabu kila aina. Mwishoni inakuuliza swali moja ambalo wengi hulibonyeza bila kusoma: je, hii ni orodha kamili ya ndege wote uliowatambua? Ukijibu ndiyo, kutokuwapo kwa sululu kwenye orodha yako kunageuka kuwa taarifa. Ukijibu hapana, orodha yako inaonyesha waliokuwapo tu, na haisemi lolote juu ya wasiokuwapo. Swali hilo moja lina thamani kuliko mapambo yote ya programu.

Kenya Bird Map ilianza 2013, ikifuata utaratibu wa atlasi ya ndege uliokwishatumika Afrika Kusini tangu 2007. Kipimo chake ni mahali. Nchi nzima imekatwa vipande vya dakika 5 kwa dakika 5 za latitudo na longitudo, vinavyoitwa pentadi, kila kimoja kama kilomita 9 kwa 9 huku kwetu karibu na ikweta. Unaingia kwenye pentadi, unatumia angalau saa mbili za kazi ya dhati ukijaribu kufika kila aina ya mazingira yaliyomo, na unaandika aina kwa mpangilio uliowaona: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Orodha inaweza kuendelea kuongezwa hadi siku tano. Kuandika hufanywa kwa programu ya BirdLasser, ambayo huweka alama ya GPS kwa kila ndege unayemgusa na haihitaji mtandao mpaka wakati wa kutuma. Walio Tanzania, Msumbiji na kwingineko wanaweza kutuma orodha za namna hiyo hiyo kwenye mradi mkubwa wa atlasi ya ndege ya Afrika.

Sasa ziweke kando kwa kando juu ya fungu moja la mchanga. Ukisimama hapo Februari na mbele yako kuna vitwitwi 3,000 wa Siberia, eBird inataka 3,000. Orodha ya pentadi inamtaka kitwitwi wa Siberia mara moja, wa nne kwenye mpangilio, basi. Mwakani wakibaki 300, eBird itaonyesha anguko. Orodha ya pentadi itaonyesha yupo, vilevile. Kwa wageni wa kaskazi wanaokaa kwa makundi, pentadi haioni mpaka mambo yameharibika kabisa, na kwa swali la mzee haifai.

Lakini ondoka fungani uingie barabara ya vumbi nyuma ya ufuo. Huku ndege ni mmoja mmoja: chole wa Ulaya juu ya waya, keremkerem, kozi, mdiria mdogo kwenye kichaka cha mkwaju. Hapa idadi haina maana kubwa. Chenye maana ni mara ngapi anaonekana. Chukua mfano pentadi yenye orodha 20 za mwezi Mei, na mdiria mdogo yumo kwenye 5: kiwango chake ni asilimia 25. Ulinganishe na Desemba, na ulinganishe na pentadi ya jirani ambayo mashamba yamekula vichaka vyake. Picha ya wageni wa kusi inajichora yenyewe, tena hata mahali ambapo hakuna mtalii aliyewahi kupita. eBird kwa upande wake ina ugonjwa wa kurundikana: orodha tele za Hori ya Mida, Sabaki na Arabuko-Sokoke, kisha unaendesha nusu saa kuelekea bara ukute kimya. Ramani ya pentadi, yenye rangi zinazokolea kila orodha zinapoongezeka, inakutia aibu nzuri: unaona kipande kitupu karibu na kwenu na unatamani kukijaza.

Kasoro ya pentadi pwani ni kwamba kipande kimoja kinaweza kuwa na bahari, mwamba, mikoko, minazi na msitu. Saa mbili za mtu aliyeenda ufuoni na saa mbili za mtu aliyeenda msituni zinatoa orodha mbili zisizofanana, zote za pentadi moja, zote halali. Utaratibu unasema ufike mazingira yote. Watu tunachoka. eBird haina tatizo hilo mradi orodha zako ziwe fupi, maana kila moja inabaki mahali pake. Wenyewe hushauri mwendo usizidi kilomita 8, nami nasema pwani hata 2 ni nyingi: kata orodha unapotoka matopeni kuingia mikokoni, anza nyingine.

Kwa swali la "lini", eBird inashinda kwa sharti moja. Tarehe ya kuwasili haina maana bila siku za kabla yake. Ukimwona keremkerem wa kwanza tarehe 3 Oktoba lakini hukuwapo tangu Septemba 10, umeandika tarehe ya kurudi kwako. Nusu saa mahali pale pale, mara mbili kwa wiki, hata kama unajua hutaona kitu, inazidi safari kubwa ya Jumamosi moja. Orodha yenye aina sita za kila siku inachosha kuiandika. Iandike.

Kuhusu ukaguzi: eBird ina wakaguzi wa kujitolea na kichujio cha idadi kwa kila eneo na mwezi, kwa hiyo ukiandika 3,000 mahali pasipozoeleka utaombwa maelezo. Usikasirike. Kenya Bird Map nayo huuliza ukiweka aina isiyotarajiwa kwenye pentadi. Na zote mbili hubadilisha majina wanasayansi wanapobadilisha: kitwitwi wa ufuo niliyemjua kama Charadrius marginatus siku hizi anaitwa Anarhynchus marginatus, na wale wadogo wa mchangani kutoka Asia wamegawanywa aina mbili. Simu hurekebisha rekodi za zamani inapowezekana. Daftari lako litabaki na jina la zamani, kwa hiyo andika na mwaka wa kitabu ulichotumia.

Hesabu ya maji makuu

Tukifika hapa tunaacha programu. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji, inayoratibiwa na shirika la Wetlands International, imeendelea tangu 1967, na kwa upande wa Kenya hesabu za Januari zimekuwa zikifanywa tangu miaka ya 1990 kwa nguvu za Makumbusho ya Taifa, shirika la Nature Kenya na watu wa kujitolea. Januari imechaguliwa kwa sababu ndege wametulia: waliokuwa wakienda kusini wameshafika, wanaorudi kaskazini hawajaanza. Kwa swali la "wangapi" hakuna kinachoikaribia. Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu hutambua eneo lenye ndege wa maji 20,000 au zaidi kwa kawaida, au lenye asilimia 1 ya kundi zima la aina moja, na namba za kuthibitisha hilo hutoka kwenye hesabu kama hizi. Oktoba 2024, Orodha Nyekundu ya IUCN, inayopima hatari ya kutoweka kwa viumbe, ilipomhamisha kitwitwi wa Siberia na mgeni mwingine wa matopeni, Pluvialis squatarola, kwenye daraja la walio hatarini, ni miaka mingi ya hesabu iliyowaonyesha kuwa wanashuka. Huyo wa pili alikuwa ameandikwa hana shida. Kwenye matope yetu mtu angeweza kumwona kila siku na asishuku lolote.

Sasa ufundi wake, maana ndio unaoamua kama njia hii inakufaa. Maji yakipwa, ndege wametawanyika kilomita kadhaa za matope na huwezi kuwahesabu bila kuwahesabu wengine mara mbili. Maji yakijaa hufukuzwa kula na kukusanyika juu ya fungu, ulimi wa mchanga au matawi ya mikoko. Hapo ndipo unapohesabu. Lakini si kila kujaa. Siku za maji mafu bahari haifuniki matope yote, ndege wanabaki wametapakaa, na hesabu yako itatoka ndogo bila ndege hata mmoja kupungua duniani. Lazima iwe bamvua, yaani maji makuu, siku chache baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Pwani ya Kenya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, kwa hiyo ile ya alasiri ndiyo yako. Fika saa nane, kaa kimya, waache waje wenyewe.

Wazee wa pwani wanajua haya kuliko programu yoyote. Nimeona wanafunzi waliotoka mbali na vifaa vizuri wakifika siku ya maji mafu, wakahesabu kwa bidii, wakaandika ripoti kwamba ndege wametoweka.

Kuhesabu kwenyewe: hesabu kumi mmoja mmoja, zoesha jicho ukubwa wa kumi hao, kisha uende kwa kumi kumi, na kundi likiwa kubwa kwa mia mia. Anza na aina chache zenye umbo la wazi, mla kaa na sululu, kisha walio wengi, kisha uchambue wadogo kwa teleskopu ya miguu mitatu. Kozi akipita, kila kitu kinaruka. Futa uanze upya. Usichukue namba ya kabla na ya baada ukagawa kwa mbili. Na aina uliyomtafuta usimpate, andika sifuri.

Ubaya wa njia hii ni kwamba inataka watu. Hori kubwa kama Mida ina mafungu kadhaa, na ndege huhama kutoka moja hadi jingine, kwa hiyo inabidi watu wawe kila fungu saa ile ile. Inataka teleskopu, na pengine mashua. Haisemi lolote juu ya Novemba wala Aprili. Na Januari pekee inaficha jambo: wengi wa vitwitwi, sululu na wala kaa wenye umri wa mwaka mmoja hawarudi kaskazini, wanapitisha kusi hapa hapa. Julai ukihesabu mahali pale pale, unapata picha ya vijana hao, na ya wageni wa kusi pia. Kama una nguvu ya siku mbili tu kwa mwaka, bamvua moja ya Januari na moja ya Julai. Mimi ningezichagua hizo kuliko orodha mia za kuokoteza.

Wanaotaga: mahali pa kudanganyika

Kwa uzazi, eBird ina alama za hatua: inawezekana anataga, yaelekea anataga, imethibitishwa. Atlasi nazo hukubali maelezo ya kiota na makinda. Kifaa chochote kitafaa. Shida ni macho.

Kanuni nyingi za alama hizi zilitungwa kwa nchi ambako mgeni akiimba ni kwa sababu anataka mke. Kwetu ndege wadogo kutoka Ulaya, kama Phylloscopus trochilus, huimba Februari na Machi wakijiandaa kuondoka. Kuimba kwao hapa si dalili ya kutaga. Mtego mkubwa zaidi ni mla kaa: wazazi wanakuja na kinda lao kutoka Arabuni na kuendelea kulilisha huku kwa miezi. Ukiona kinda la kijivu linalialia na mzazi analitilia kaa mdomoni, ukabonyeza "anamlisha kinda, imethibitishwa", umeandika uongo kwa nia njema. Buabua wakubwa nao huwalisha watoto wao mbali sana na koloni.

Ushahidi unaoshika ni kitwitwi wa ufuo anayejifanya amevunjika bawa mbele yako. Hapo mayai au makinda yako karibu na mguu wako, simama, rudi ulikotoka kwa nyayo zako. Ndege huyu hufunika mayai yake kwa mchanga anaposhtuka, kwa hiyo kutoyaona si dalili kwamba hayapo.

Kwa buabua wa visiwani, kama Sterna dougallii na Onychoprion anaethetus wanaotaga Whale Island mlangoni mwa Hori ya Mida, au wale wa visiwa vya Kiunga, msimu wao unaangukia kusi, bahari ikiwa chafu. Sehemu hizi ziko ndani ya hifadhi za bahari na zinahitaji ruhusa. Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo peke yake katika bahari ya Tanzania ambacho wengi hukijua kama Latham, kina koloni la ndege wa baharini, Sula dactylatra, Anous stolidus na buabua weusi, na si mahali pa kwenda na mtumbwi wa kukodi kwa ajili ya orodha. Ukifika karibu na koloni lolote hesabu ukiwa mashuani. Ndege wakiruka kwa dakika kumi saa sita mchana, mayai yanaiva juu ya mwamba, na kunguru hawangoji kualikwa. (Mwandike na kunguru, tafadhali. Kunguru wa India waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani nzima, na bado nusu ya orodha ninazosoma hazimtaji kwa sababu mwandishi anamchukia.)

Mahali pa kiota usipaweke wazi mtandaoni. Tumia jina la eneo pana, au chelewesha orodha mpaka makinda yaruke.

Zilizobaki, kwa haraka

iNaturalist ni programu ya picha. Inafaa kwa ndege mmoja usiyemjua, maana wengine watamtambua, lakini haisemi ulikaa muda gani wala nini hukukiona. Kama nyongeza ni nzuri, kama njia yako kuu hapana.

Kurekodi sauti kunafaa msituni na usiku, kwa bundi mdogo wa Arabuko-Sokoke, Otus ireneae, hasa. Ufuoni wakati wa kusi utarekodi upepo na mawimbi. Programu zinazotambua sauti zinadokeza tu, kwa hiyo msikilize ndege mwenyewe kabla ya kuandika jina.

Kuwavisha ndege pete miguuni si uchaguzi wa anayeanza. Kunahitaji mafunzo ya miaka na kibali, ingawa ndiko kunakojibu maswali ambayo hakuna orodha inayoyagusa. Ngulia, huko Tsavo Magharibi, kazi hiyo imefanyika tangu 1969, Novemba na Desemba, ukungu na taa za usiku zikiwashusha wahamiaji wanaoelekea kusini na pwani. Unachoweza kufanya wewe ni kusoma bendera za rangi ambazo baadhi ya ndege wamevishwa miguuni. Andika mguu wa kulia na wa kushoto, juu au chini ya goti, mpangilio wa rangi kutoka juu, na herufi kama zinasomeka. Bila mguu upi, taarifa inapotea.

Basi ushike ipi

Kama una dakika arobaini mara mbili kwa wiki na unaishi karibu na maji: eBird, mahali pamoja, orodha kamili, muda ule ule, na kwenye maelezo ya kila orodha andika hali ya maji, kwa sababu programu haina kisanduku chake. Maneno mawili yanatosha, "bamvua, yanajaa".

Kama kazi yako inakuzungusha, dereva, mwalimu wa kuhamahama, mtu wa mradi, shika BirdLasser na pentadi. Utajaza ramani mahali ambapo hakuna mwingine atakayefika, na huna haja ya kurudi mara mia.

Kama mpo watu wanne au watano na mna teleskopu hata moja, muulizeni mratibu wa hesabu wa nchi yenu fungu gani halina mtu. Msianzishe hesabu yenu pembeni kama ya taifa ipo. Fomu ile ile, tarehe zile zile.

Kama kinachokuvuta ni viota, chagua ufuo mmoja usiozidi kilomita moja, uupite kila wiki kuanzia Mei hadi Oktoba, na utumie daftari kwanza. Alama za uzazi kwenye simu utaziweka nyumbani, ukiwa umetulia, baada ya kujiuliza kama kinda lile lilizaliwa hapa.

Mtu akiniambia nimchagulie moja tu bila kumuuliza chochote, nitasema eBird, kwa sababu ya lile swali lake la orodha kamili. Lakini kwa sululu wa mzee nilichagua hesabu. Nimeshapata Januari nne na Julai tatu kwenye fungu lile, zote bamvua, zote kuanzia saa nane, na siku hizi ndiye anayenikumbusha tarehe, maana huujua mwezi bila kuangalia simu. Nilimwambia tungoje angalau Januari ya sita. Akasema atangoja, ila nisiache kuandika na siku ambazo fungu liko tupu.